Vijana Wetu Wanahitaji Dakika, Sifa Zitafuata

Ukitaka kujua jinsi shabiki wa mpira wa nchi hii alivyo na subira, usimtafute uwanjani. Mtafute usiku, amekaa na laptopu yake anacheza Football Manager. Amemsajili winga wa miaka 16 ambaye hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Msimu wa kwanza anamwacha kwenye kikosi cha vijana. Wa pili anampeleka kwa mkopo daraja la chini. Kijana anaboronga, anapoteza mipira, timu inafungwa, na bwana huyu hatikisiki. "Bado mdogo," anasema, "atakaa sawa." Anamngoja misimu minne, hata mitano, na siku winga huyo anapofunga bao la ubingwa, anawapigia rafiki zake simu usiku huohuo kuwasimulia.

Jumamosi mtu yuleyule yuko jukwaani. Kocha ameanza na kijana wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana. Pasi ya kwanza inanaswa, ya pili inatoka nje. Dakika ya 20 haijafika, jukwaa zima linapiga kelele atolewe, na kipindi cha pili kijana harudi uwanjani. Baada ya hapo hatumwoni tena hadi dirisha dogo, tunaposikia kwamba ameachwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Gemu ile, pamoja na kasoro zake, imelielewa jambo ambalo mpira wetu umelikwepa kwa muda mrefu: mchezaji kijana hukua kwa kucheza. Anahitaji mechi za mashindano za kiwango kinachomfaa, wakubwa wa kumwongoza, na mtu wa kumvumilia anapokosea. Maelfu ya vijana wetu wanaoicheza wanalijua hili kwa vidole vyao. Umefika wakati walidai kwa sauti kwenye klabu wanazozishabikia.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro. Mchana nabadilisha vioo na kurudisha mafaili yaliyopotea. Jioni nakwenda Kihonda kusaidia kufundisha timu ya mtaa ya vijana wa chini ya miaka 17. Gemu hii nimeicheza tangu enzi za jina lake la zamani, ilipokuwa ikija kwenye CD. Kwa hiyo suala la kukuza mchezaji nalitazama kutoka pande mbili, na pande hizo zimenifundisha mambo yanayofanana kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa asiyeijua, hii si gemu ya kushika pedi na kumkimbiza mchezaji, kama zile ambazo watoto hulipia kwenye vibanda vya mtaani. Hapa wewe ndiye kocha na meneja. Unasajili, unapanga mazoezi, unachagua kikosi, kisha unakaa kutazama walichokifanya wachezaji wako. Iliasisiwa na ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Kampuni yao, Sports Interactive, ilipoachana na mchapishaji wake wa zamani, jina lile lilibaki huko, na mwaka 2004 likaja Football Manager chini ya Sega. Nyuma yake kuna mtandao mkubwa wa watafiti katika nchi nyingi, watu wanaotazama mechi na kuwapa wachezaji alama. Kazi yao ilifikia kuaminiwa kiasi kwamba mwaka 2008 klabu ya Everton ilikubaliana nao itumie hazina hiyo ya taarifa katika kusaka wachezaji.

Kila mchezaji ndani ya gemu ana sifa unazoziona, zenye alama kuanzia 1 hadi 20: umaliziaji, pasi, kasi, nguvu, utulivu, dhamira na nyinginezo. Chini ya sifa hizo kuna namba mbili usizoonyeshwa. Ya kwanza ni uwezo alionao leo. Ya pili ni upeo, yaani kiwango cha juu kabisa anachoweza kukifikia. Zote mbili hupimwa hadi 200. Makocha na wasaka vipaji wako hukukadiria kwa nyota tu, na ukadiriaji wao hutegemea ubora wao wenyewe.

Anayeanza kucheza huona nyota tano, akanunua, akakaa kusubiri matunda. Misimu mitatu baadaye kijana yuko palepale, na mnunuzi analaumu gemu. Ukweli ni kwamba upeo mkubwa haumpi kijana chochote. Unasema tu kwamba akipata kila anachohitaji, anaweza kufika huko. Wengi hawafiki, na ukichunguza sababu zao utadhani unasoma habari za soka letu.

Sababu ya kwanza ni dakika. Wazoefu wa gemu hii wanakubaliana kwamba kabla ya miaka 18, kinachombeba kijana zaidi ni mazoezi mazuri, makocha wazuri na viwanja vizuri. Baada ya hapo, hadi miaka 21 au 22, mechi ndizo zinazomsukuma mbele. Ukimfungia kwenye kikosi cha kwanza akawa anafanya mazoezi na mastaa huku Jumamosi anavaa tisheti ya benchi, anadumaa. Ukimtupa kwenye ligi ngumu kupita uwezo wake, anaharibikiwa mechi baada ya mechi, naye hapandi. Inabidi umtafutie mahali ambapo atacheza kila wiki, akipata tabu lakini akimudu. Akiumia kwa muda mrefu katika umri huo, sehemu ya ukuaji wake hupotea moja kwa moja.

Sababu ya pili ni tabia. Gemu ina sifa nyingine zilizofichwa kabisa, na yenye uzito mkubwa kwa kijana ni weledi: anavyojitunza, anavyolala, anavyofanya mazoezi pasipo kusimamiwa. Pembeni yake kuna hamu ya kupanda, pamoja na ile dhamira inayoonekana, ya kutokata tamaa. Vijana wawili wenye umri mmoja na upeo mmoja, mwenye weledi akiwa huku na mzembe kule, baada ya misimu minne hutawaweka kwenye kikosi kimoja.

Mimi hupenda kuichukua Genk ya Ubelgiji, na Mtanzania hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndiko alikocheza Mbwana Samatta. Lakini kuna sababu nyingine. Genk ni klabu ya mji mdogo uliojengwa na migodi ya makaa ya mawe. Haina fedha za klabu za Uingereza. Inaishi kwa kukuza vijana na kuuza. Mwaka 2011 ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji ikiwa na Thibaut Courtois, kipa aliyeuanza msimu ule akiwa na miaka 18, na Kevin De Bruyne, kiungo aliyeuanza akiwa na miaka 19. Wote wawili walilelewa katika akademia yake. Tujiulize ni klabu gani ya kwetu ingemkabidhi kipa wa miaka 18 lango lake katika msimu wa kuwania ubingwa.

Katika Genk yangu ya kwenye kompyuta, mwaka mmoja waliingia vijana wapya. Gemu hukuletea kundi kama hilo mara moja kila mwaka, na ubora wake hutegemea vifaa vyako vya vijana, ukufunzi wa watoto, upana wa mtandao wako wa kusaka vipaji na nchi uliyopo. Hata mkuu wa soka la vijana uliyemwajiri huacha alama yake: vijana huelekea kuingia na tabia zinazofanana na zake. Katika kundi hilo kulikuwa na straika ambaye kila kocha alimpa nyota zote, na beki wa kushoto ambaye hakuna aliyemsifia. Straika alikuwa mtu wa kujiachia. Beki alikuwa na weledi na dhamira ya hali ya juu.

Nilimpeleka beki timu ya pili, ile inayocheza ligi daraja la pili la Ubelgiji, akacheza karibu kila mechi. Straika nilimpeleka kwa mkopo ligi nzuri, akapewa nafasi, lakini kila ripoti iliyorudi ilisema hajitumi mazoezini. Beki alipotimiza miaka 22 alikuwa tegemeo la timu na ameitwa timu ya taifa. Straika aliondoka bila ada. Sikushangaa. Hayohayo nayaona Kihonda: mtoto anayefika uwanjani wa kwanza na kuomba mpira apige krosi kabla wenzake hawajaja, ndiye ninayemwona amebadilika baada ya mwaka.

Hapo pana somo jingine ambalo naomba viongozi wa klabu walisikilize. Tabia katika gemu haijagandishwa. Unaweza kuunda kikundi cha malezi cha wachezaji watatu au zaidi, ukawaweka vijana pamoja na mkongwe mwenye sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na taratibu mwenendo wake ukawaingia. Mkongwe huyo anaweza kuwa na miaka 33 na kasi imekwisha. Anacheza mechi chache kwa msimu. Hata hivyo wazoefu hawamwachi aondoke, kwa sababu kila wiki anawajenga vijana watatu. Kwetu mchezaji akifika umri huo tunamwita mzee na kumkatia mkataba kabla hajamfundisha mtu yeyote namna ya kujitunza. Kisha tunashangaa kwa nini kijana aliyepata mkataba mnono wa kwanza anapotelea kwenye starehe. Nani alikaa naye?

Sasa niseme pale ambapo natofautiana na gemu, kwa sababu sitaki msomaji adhani naiabudu.

Kosa lake kubwa ni ile namba ya upeo. Kijana anayezaliwa ndani ya gemu hupewa upeo siku anapotokea, na kikomo hicho hakisogei hadi anastaafu. Kwa vijana halisi ambao bado hawajulikani vizuri, watafiti huweza kutoa makadirio ya kutoka kiasi fulani hadi fulani, na kila unapoanza upya gemu huchagua namba ndani yake. Kwa hiyo kijana yuleyule anaweza kuwa nyota wa dunia kwenye kompyuta yako na mchezaji wa kawaida kwenye yangu. Ni njia nzuri ya kukiri kwamba hakuna anayejua. Lakini namba ikishachaguliwa, imeshachaguliwa.

Maisha hayaendi hivyo. Waliocheza toleo la msimu wa 2001/02 watamkumbuka Cherno Samba, mzaliwa wa Gambia aliyekuwa kijana wa Millwall. Kwenye kompyuta alikuwa mfungaji wa kutisha. Katika maisha halisi hakuwahi kuichezea timu ya kwanza ya Millwall. Alizunguka Hispania, Ufini, Ugiriki na Norway, akaichezea Gambia, akastaafu kimya. Toleo hilohilo lilikuwa na Tonton Zola Moukoko, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Sweden na kusajiliwa na Derby County, kiungo ambaye mashabiki wa gemu walimwimba kila kona, naye hakuichezea Derby hata mechi moja ya ligi. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, alianza kucheza ligi ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14 tu, akaitwa mrithi wa Pelé, kisha akapita klabu nyingi bila kutulia. Vijana hawa hawakukosa kipaji. Walibebeshwa sifa kabla ya kupewa miaka ya kujifunza.

Upande wa pili yuko Jamie Vardy, ambaye akiwa na miaka 23 alikuwa bado anacheza soka la nje ya ligi za kulipwa za Uingereza. Leicester ilimchukua mwaka 2012 kutoka Fleetwood Town, na mwaka 2016 akawa bingwa wa England. Mwenzake N'Golo Kanté hadi mwaka 2013 alikuwa ligi daraja la tatu Ufaransa. Miaka mitano baadaye alinyanyua Kombe la Dunia. Siamini kwamba kuna mtu aliyeweza kuwaandikia hawa kikomo walipokuwa na miaka 17.

Na mtoto wa Morogoro je, namba yake ingeandikwa na nani? Kwa miaka mingi nchi pekee ya Afrika ambayo ligi yake unaweza kuichagua na kuicheza ndani ya Football Manager, bila kuongezewa mafaili ya mashabiki, ni Afrika Kusini. Ligi isiyochezwa ndani ya gemu hutazamwa na macho machache. Hiyo ndiyo sababu huwa nakataa kuwaambia wazazi mwanao atafika wapi. Mzazi akiniuliza, "Mwalimu, huyu atakuja kuwa mchezaji kweli?" namwambia mambo ninayoweza kuyaona: anajituma, anasikiliza, mguu wa kulia bado, anahitaji mechi zaidi. Kikomo chake sikijui, na yeyote anayejidai kukijua anamdanganya.

Tuje nyumbani, kwenye mfano tunaoujua wote. Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili, ambako alimkuta mtu wa kuongea naye tangu siku ya kwanza. Hakupelekwa Ulaya haraka. Alikaa pale zaidi ya miaka minne akicheza ligi na mashindano ya Afrika, mechi ngumu kwenye viwanja vigumu, hadi mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akahamia Genk akiwa na miaka 23, mtu mzima wa mpira. Msimu wa 2018/19 Genk ilikuwa bingwa wa Ubelgiji, naye alifunga mabao 23 ya ligi. Januari 2020 alikuwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England.

Katika kikosi kile cha ubingwa alikuwemo Leandro Trossard, mtoto wa akademia ya Genk. Klabu yake ilimpeleka kwa mkopo Lommel, Westerlo na OH Leuven kabla hajawa mtu muhimu kwao. Baadaye tulimwona Arsenal. Samatta na Trossard walitoka mbali na mbali, lakini kilichowakuza kilikuwa kimoja: kila msimu, mahali fulani, walikuwa wakicheza.

Nami namtakia mema Kelvin John, kijana wa hapahapa Morogoro. Alitamba na Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, magazeti yakampachika jina la Mbappé, na mwaka 2021 akajiunga na Genk. Aliichezea zaidi timu yao ya pili, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark kutafuta nafasi ya kucheza. Kuna waliosema ameshuka. Mimi nasema alifanya alichopaswa kufanya kijana wa umri wake, kufuata dakika. Novatus Dismas alitoka Azam, akapita Israel, Ubelgiji na Ukraine hadi Uturuki, na kila alikokwenda alitafuta mahali pa kucheza. Tuwape nafasi ya kukua bila kuwapima kila wiki kwa majina ya mastaa wa dunia tuliyowavika sisi wenyewe.

Linaloniuma zaidi ni la kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alikuwa beki wa kushoto, mwenye pumzi na krosi safi. Akiwa na miaka 17 alichukuliwa na klabu moja ya ligi. Mtaa mzima ulifurahi. Akafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, akapigwa picha za utambulisho, kisha akakaa. Nafasi yake ilikuwa na mchezaji mzoefu, na kila dirisha likifunguliwa aliletwa mwingine. Klabu ya daraja la chini ilimwomba kwa mkopo, ikajibiwa kwamba kijana anahitajika. Hakuhitajika. Timu ya vijana nayo ilikuwa na mechi chache. Mkataba ulipokwisha, hakuna aliyemwongezea. Alirudi nyumbani na miaka 20, akiwa amecheza mpira wa mashindano kidogo kuliko wenzake waliobaki kwenye ndondo.

Mama yake aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu alikosea wapi?" Nilimwambia hakukosea, na bado nasema hivyo. Alikuwa na weledi, alikuwa na kipaji. Alichonyimwa ni mechi, katika miaka ambayo mechi haziwezi kufidiwa baadaye. Mtu yeyote aliyecheza Football Manager kwa msimu mmoja angeona kwamba kijana yule alipaswa kutolewa kwa mkopo mwezi wa kwanza.

Najua makocha watajibu: "Mimi nikifungwa mechi mbili nafukuzwa. Nitampaje nafasi mtoto?" Ni jibu la haki, na silipuuzi. Kocha anayelala akiwaza kibarua chake hawezi kuwa mlezi. Lakini hata ndani ya gemu meneja hufukuzwa. Tofauti ni kwamba tangu toleo la 2020 bodi ya klabu hukuandikia dira yake: mpira inaoutaka, malengo ya kila msimu, na mara nyingi sharti la kukuza vijana wa klabu. Ukilitimiza sharti hilo, bodi hukuhesabia, hata kama hukumaliza juu ulivyotarajia. Ukilipuuza, hukuhesabia pia. Maana yake suala hili huanza na viongozi. Wao ndio wanaoweza kumwambia kocha kwa maandishi kwamba dakika za vijana ni sehemu ya kazi yake, na kumlinda siku kijana anapokosea.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri fedha za kigeni. Klabu ikimtoa kijana kwa mkopo, mkataba uwe na kifungu kinachoiruhusu kumrudisha iwapo hachezi. Kwenye gemu wazoefu hukagua jambo hilo kila mwezi. Mkongwe anayejitunza apewe mwaka mmoja zaidi, na kazi ya kukaa na vijana itajwe kwenye mkataba wake. Mashindano ya vijana yachukue msimu mzima, nyumbani na ugenini. Michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, inatuonyesha kila mwaka kwamba vipaji vipo, lakini mtoto aliyeng'ara kwa siku chache anahitaji mechi ya Jumamosi ijayo na ya Jumamosi inayofuata. Nanyi waandishi wa michezo, mnatuletea mabao, pasi za mwisho na tetesi za usajili. Tuwekeeni pia jedwali la dakika walizocheza wachezaji wa chini ya miaka 21 katika kila timu. Likitoka kila mwezi, klabu zitaanza kuulizana.

Kwa mashabiki wenzangu, hasa vijana mnaokesha mkimlea winga wa miaka 16 kwenye skrini, ninyi mna maarifa ambayo wazee wetu wa jukwaani hawakuyapata. Mnajua kwamba kijana hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Mnajua kwamba msimu mbaya wa mkopo si mwisho wake. Mnajua tofauti ya kijana aliyekosa kipaji na aliyekosa nafasi. Yapelekeni maarifa hayo yanapohitajika.

Klabu zetu kubwa zina wanachama, na wanachama wana mikutano mikuu. Huko huulizwa maswali ya mapato, ya wadhamini, ya usajili wa wageni. Mwaka huu mmoja wenu asimame aombe kipaza sauti, aulize: vijana waliotoka kwenye timu yetu ya vijana wamecheza dakika ngapi msimu huu, ni wangapi tumewatoa kwa mkopo, na huko walikokwenda wanacheza? Msikubali jibu la jumla. Ombeni namba, ziandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwakani muulize tena.